Sydney Ringer: Tabibu aliyegundua siri ya madini katika maji ya mfereji

JINA Ringer hutajwa kila siku katika hospitali za Kenya, kuanzia vituo vya afya vya mashinani hadi wodi za watoto katika hospitali kuu, ilhali ni wachache wanaofahamu kwamba lilikuwa jina la mtu. Wauguzi hulitamka wanapoutundika mfuko wa maji ya dripu kando ya kitanda cha mtoto aliyedhoofika kwa kuhara. Wanafunzi wa udaktari hulikariri kabla ya mtihani, na wengi wao hudhani ni jina la kampuni.

Mwenye jina hilo, Daktari Sydney Ringer wa London, alifariki mwaka wa 1910. Hakuwa mvumbuzi wa chombo chochote cha kustaajabisha, wala hakugundua kijidudu cha maradhi kama walivyofanya wenzake wa enzi hiyo, akina Robert Koch na Louis Pasteur. Alilofanya ni kupima, kwa subira isiyo ya kawaida, ni chumvi gani na kiasi gani cha kila chumvi kinachohitajika ili moyo wa chura uendelee kupiga nje ya mwili.

Hesabu hiyo ya chura ndiyo inayowashughulisha hadi leo madaktari wanaowatunza watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wale ambao matumbo yao hayajakomaa kupokea maziwa ya kutosha na ambao hulazimika kulishwa kupitia mshipa. Kwa mtoto wa kilo moja, kosa dogo la potasiamu, kalsiamu au fosfeti huweza kuusimamisha moyo au kuidhoofisha mifupa ikavunjika kwa kubebwa tu.

Ringer alizaliwa mwaka wa 1835 mjini Norwich, mashariki mwa Uingereza, katika familia ya wafanyabiashara waliokuwa Waprotestanti wasiofuata Kanisa la Anglikana. Baba yake alifariki Sydney akiwa bado mtoto. Ndugu zake wawili waliifuata njia ya biashara hadi mashariki ya mbali: mmoja alifika Shanghai nchini Uchina, na mwingine, Frederick, akawa mfanyabiashara mashuhuri mjini Nagasaki, Japani. Ni jambo la kuchekesha kwamba nchini Japani jina Ringer linajulikana zaidi kwa sababu ya Frederick, kwani kuna mikahawa mingi ya tambi iliyopewa jina hilo kwa kumkumbuka yeye.

Sydney hakuvutiwa na bahari wala biashara. Mwaka wa 1854 alijiunga na chuo cha University College mjini London, ambacho kilikuwa kimefungua milango yake kwa wanafunzi wa dini na madhehebu yote. Alihitimu mwaka wa 1860 na kupata shahada ya juu ya udaktari mwaka wa 1863. Kuanzia hapo hakuihama taasisi hiyo. Hospitali ya chuo hicho ilimwajiri, ikampandisha cheo mwaka wa 1866 kuwa tabibu kamili, na akaendelea kuitumikia hadi alipostaafu mwaka wa 1900.

Kati ya mwaka wa 1864 na 1869 alihudumu pia katika Hospitali ya Watoto Wagonjwa ya Great Ormond Street, iliyokuwa imefunguliwa mwaka wa 1852. Wakati huo London ilikuwa ikizika watoto wake kwa wingi mno. Surua, kifaduro, kifua kikuu na kuhara viliwaangamiza kabla hawajaanza shule, na daktari hakuwa na silaha nyingi mkononi. Ringer alikuwa miongoni mwa matabibu wa mwanzo kusisitiza kwamba joto la mwili lipimwe kwa kipimajoto na liandikwe, badala ya kukisiwa kwa kiganja cha mkono. Mwaka wa 1865 alichapisha kitabu kuhusu jinsi joto la mwili linavyosaidia kuutambua ugonjwa wa kifua kikuu.

Kitabu kilichompa umaarufu katika uhai wake kilitoka mwaka wa 1869. Kilikuwa mwongozo wa matibabu, ukieleza dawa moja baada ya nyingine, inafanya nini na inafaa kutumiwa lini. Madaktari walikipenda kwa kuwa kiliandikwa na mtu aliyekuwa akiwaona wagonjwa kila siku. Kilichapishwa upya mara kwa mara hadi toleo la 13 mwaka wa 1897. Laiti angekufa kabla ya mwaka wa 1882, kitabu hicho ndicho kingekuwa kumbukumbu yake pekee, na pengine leo hakuna ambaye angemtaja.

Ringer alikuwa tabibu wa wodi, si mwanasayansi wa kulipwa. Hakuwa na maabara yake mwenyewe. Alitumia chumba katika idara ya fiziolojia ya chuo, akipita huko asubuhi kabla ya kuwazuru wagonjwa na kurejea kila alipopata nafasi. Wakati wenzake wengi wa cheo chake walishughulikia wagonjwa matajiri walioweza kuwalipa vizuri, yeye alitumia saa hizo akiwa ameinama juu ya moyo wa chura.

Moyo wa chura una sifa iliyowavutia wachunguzi wa wakati huo. Ukitolewa mwilini na kupitishiwa maji yanayofaa, huendelea kupiga kwa saa nyingi. Swali lilikuwa ni maji gani hayo yanayofaa. Ilijulikana kwamba maji matupu huua chembe za mwili, na kwamba maji yenye chumvi ya kawaida ya mezani ni afadhali. Damu, hata hivyo, ina chumvi nyingi nyinginezo, na hakuna aliyekuwa ameeleza kwa uhakika kazi ya kila mojawapo.

Mwaka wa 1882 Ringer alichapisha matokeo yake ya kwanza. Alikuwa amegundua kwamba sehemu ya chini ya moyo wa chura iliendelea kupiga vyema katika maji ya chumvi ya kawaida yaliyotiwa potasiamu kidogo. Kalsiamu ilionekana kuwa haina umuhimu mkubwa. Jambo hilo halikumshangaza mtu, maana madaktari wa zama hizo waliiona kalsiamu kuwa ni kitu cha mifupa na meno tu.

Kisha mambo yakaharibika. Aliporudia majaribio hayo, moyo haukuitikia kama awali. Ulipiga kwa muda mfupi, ukadhoofika, kisha ukanyamaza. Chumvi ilikuwa ile ile, vipimo vilikuwa vile vile, na vyura walikuwa wa aina moja.

Uchunguzi ulionyesha kwamba kilichobadilika ni maji. Ringer alikuwa akiamini kwamba maji yake yote ni yale ya maabara, yanayopatikana kwa kuchemsha maji na kuukusanya mvuke wake ili yasibaki na madini yoyote. Kumbe katika majaribio ya kwanza yalikuwa yametumiwa maji ya mfereji yaliyoletwa na kampuni ya New River. Masimulizi yaliyobaki miongoni mwa wanafiziolojia wa Uingereza yanasema kwamba kijana aliyekuwa msaidizi wa maabara hakuona haja ya kuhangaika na kazi ndefu ya kuchemsha na kukusanya mvuke, ilhali mfereji ulikuwa karibu.

Mfereji wenyewe ulikuwa na historia yake. New River ni njia ya maji iliyochimbwa na kufunguliwa mwaka wa 1613 ili kuyaleta London maji ya chemchemi za wilaya ya Hertfordshire. Chemchemi hizo hububujika kutoka katika miamba ya chokaa. Kwa hiyo kila aliyekunywa maji ya London alikuwa akinywa kalsiamu bila kujua, na vyura wa Ringer nao walikuwa wameipata. Uchambuzi wa maji hayo ulionyesha kalsiamu ya kiasi cha sehemu 38 hivi katika kila sehemu milioni. Ni kiasi ambacho mtu hawezi kukionja ulimini, lakini kilitosha kuuendesha moyo.

Hapa ndipo tabia ya mtu huyu inapoonekana. Alikuwa profesa, mwandishi wa kitabu kilichosomwa na madaktari wengi, na alikuwa karibu kufika umri wa miaka 50. Angeweza kuyapuuza majaribio ya pili au kuyaeleza kijuujuu. Badala yake, mwaka wa 1883 alichapisha makala nyingine katika jarida lile lile la fiziolojia, akikiri waziwazi kwamba hitimisho lake la mwaka uliotangulia lilikuwa na kasoro, akiitaja kampuni iliyoleta maji na madini yaliyokuwamo. Ungamo hilo ndilo lililokuja kuwa kazi yake kuu.

Katika makala hayo na mengine yaliyofuata, Ringer aliieleza mizani ya madini hatua kwa hatua. Pasipo kalsiamu, misuli ya moyo haikazi, na moyo husimama ukiwa umelegea. Kalsiamu ikiwa peke yake pasipo potasiamu, moyo hukaza na kukawia kulegea, kila pigo likirefuka, hadi hatimaye unakwama ukiwa umejifumba. Potasiamu ikizidi, nayo huuzima. Hivyo potasiamu na kalsiamu hupingana kama watu wawili wanaovuta kamba, na moyo hupiga vyema pale tu wanapolingana. Sodiamu ni lazima iwe nyingi kuliko zote, na magadi kidogo huongezwa ili kuizuia asidi isizidi.

Mchanganyiko aliofikia ulikuwa na gramu 6 hivi za chumvi ya kawaida katika kila lita, huku chumvi za potasiamu na kalsiamu zikiwa sehemu ndogo mno za gramu moja. Aliendelea pia kuchunguza samaki, akaonyesha kwamba hufa haraka katika maji yasiyo na madini lakini huishi zaidi yakitiwa kalsiamu.

Mwaka huo huo wa 1883 ulimletea pia aibu. Yeye na mwenzake, Daktari William Murrell, waliandika kuhusu sodiamu naitraiti, chumvi waliyokuwa wakiichunguza kama dawa ya maumivu ya moyo, na ikabainika kwamba wagonjwa wa hospitali walikuwa wamepewa chumvi hiyo na kudhurika ili athari zake zijulikane. Magazeti ya London yaliwashutumu vikali. Waliopinga majaribio ya wanyama, ambao tayari walikuwa wamefaulu kuishinikiza serikali kupitisha sheria ya mwaka wa 1876 ya kuyadhibiti, walisema kwamba anayeanza na chura huishia kwa maskini. Lawama nyingi zilimwangukia Murrell, lakini Ringer naye hakuweza kukwepa, kwani jina lake lilikuwamo. Hakuna njia ya kulitetea jambo hilo. Mtu aliyekuwa mwangalifu kiasi cha kukiri kosa la maji ya mfereji alishiriki katika jambo ambalo leo lingemfanya daktari apokonywe leseni.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1885, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kinachoheshimiwa kuliko vyote vya kisayansi nchini Uingereza.

Kuhusu maisha yake ya nyumbani hakuna mengi. Alimwoa Ann Palmer, mwenyeji wa kijiji cha Lastingham katika nyika za kaskazini mwa Yorkshire. Waliwapata mabinti wawili, na mmoja wao, Annie, alifariki akiwa bado mdogo. Tabibu aliyekuwa ameshuhudia vifo vingi katika hospitali ya watoto sasa alikuwa amefikwa na msiba huo nyumbani kwake. Mwaka wa 1879 Ringer aligharimia ukarabati mkubwa wa kanisa la kale la Mtakatifu Maria pale Lastingham kwa kumbukumbu ya mtoto huyo, kazi iliyosimamiwa na msanifu majengo maarufu John Loughborough Pearson. Ni miaka mitatu tu baada ya hapo ndipo alipochapisha makala yake ya mwaka wa 1882 kuhusu moyo wa chura.

Mkewe alifariki mwaka wa 1899. Mwaka uliofuata Ringer alistaafu na kuhamia Lastingham, na ndiko alikofariki kwa kiharusi tarehe 14 Oktoba, 1910.

Wakati wa kifo chake, maji ya Ringer yalikuwa mali ya maabara zaidi kuliko ya wodi. Wazo la kuwatia wagonjwa maji ya chumvi mshipani lilikuwa kongwe kuliko yeye. Daktari Thomas Latta wa Leith, Uskoti, aliwatibu hivyo wagonjwa wa kipindupindu mwaka wa 1832, miaka mitatu kabla ya Ringer kuzaliwa. Hata hivyo njia hiyo ilikuwa imeachwa kwa miongo mingi.

Aliyeyaingiza maji ya Ringer katika tiba ya watoto ni daktari wa watoto nchini Marekani, Alexis Hartmann wa mji wa St. Louis. Katika miaka ya 1930, Hartmann alikuwa akipambana na watoto wachanga walioletwa wakiwa wamekauka kwa kuhara, huku asidi ikiwa imezidi katika damu yao. Aliongeza lakteti katika mchanganyiko wa Ringer, kwa kuwa ini huigeuza lakteti kuwa kitu kinachopunguza asidi hiyo. Hiyo ndiyo asili ya mfuko unaoitwa Ringer's Lactate, ambao wengine huuita maji ya Hartmann, na ambao miongozo ya tiba ya watoto nchini Kenya huuagiza kwa mtoto aliyepungukiwa vibaya na maji mwilini.

Lakini kumrudishia mtoto maji ni jambo moja, na kumlisha kupitia mshipa ni jambo jingine. Mwaka wa 1968, madaktari Douglas Wilmore na Stanley Dudrick wa Philadelphia walitangaza kwamba mtoto mchanga aliyezaliwa na kasoro ya utumbo alikuwa amekua kwa chakula kilichopita mshipani pekee: sukari, protini iliyovunjwavunjwa, vitamini na madini. Baada ya hapo njia hiyo ikaenea kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na pamoja nayo yakaja matatizo ambayo Ringer angeyatambua mara moja.

Mtoto aliye tumboni hupokea takriban asilimia 80 ya kalsiamu na fosforasi ya mifupa yake katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Anayezaliwa katika wiki ya 26 au 27 huikosa akiba hiyo karibu yote, kwani kondo la nyuma lililokuwa likimsukumia madini usiku na mchana limekatwa. Kalsiamu ya damu huweza kushuka katika siku mbili tatu za kwanza. Wakati huo huo potasiamu huweza kupanda, maana figo bado ni changa na chembe za mwili huivujisha, na moyo ukaanza kupiga ovyo. Katika hali hiyo daktari humdunga mtoto kalsiamu ili kuukinga moyo dhidi ya potasiamu. Ule mvutano wa kamba alioueleza Ringer mwaka wa 1883 ndio unaotumiwa hapa, kwa mtoto badala ya chura.

Kwa muda mrefu madaktari waliogopa kuwapa watoto hao protini mapema. Walipoanza kuwapa tangu siku ya kwanza ili wakue, mizani ikainama upande mwingine. Chembe zilizopata chakula cha ghafla huivuta potasiamu na fosfeti kutoka katika damu ili kujijenga. Fosfeti ikiisha, mwili huibomoa mifupa ili kuipata, na kalsiamu iliyoachiliwa pamoja nayo hupanda katika damu. Daktari asiyeijua siri hii huiona kalsiamu iliyozidi, akaipunguza katika chakula cha mtoto, na mifupa ikazidi kunyimwa. Dawa yake aghalabu ni kuongeza fosfeti.

Magnesiamu nayo ina kisa chake. Akina mama wengi wanaojifungua kabla ya wakati huwa wametibiwa kwa chumvi ya magnesiamu ili kuzuia kifafa cha mimba, dawa inayotumiwa sana hapa Kenya na iliyookoa maisha ya wengi. Mtoto huzaliwa akiwa na sehemu ya dawa hiyo katika damu yake. Kumwongezea magnesiamu katika dripu kabla ya kumpima ni hatari, kwa kuwa ikizidi humlegeza mtoto na kudhoofisha pumzi yake.

Kikwazo kigumu zaidi kimo ndani ya chupa yenyewe. Kalsiamu na fosfeti, ambazo mtoto anazihitaji zote mbili kwa wingi, zikikutana katika maji hushikamana na kuwa chembe ngumu zisizoyeyuka, jamaa ya chokaa ile ile ya Hertfordshire. Chembe hizo zikiingia mshipani hukwama katika mishipa midogo ya mapafu. Mwaka wa 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wawili kufariki kwa sababu hiyo. Joto huliongeza tatizo, na watoto hawa hulazwa katika mashine za joto.

Viwanda vimetengeneza aina ya fosfeti iliyofungamanishwa na gliseroli, ambayo haishikamani na kalsiamu kwa urahisi, ingawa si kila hospitali inaimudu. Pale isipopatikana, mfamasia hutia fosfeti mapema na kalsiamu mwishoni kabisa, akiutikisa mchanganyiko kila anapoongeza kitu. Kisha huiinua chupa kwenye mwanga na kuitazama kama kuna ukungu au chengachenga. Hufanya hivyo kabla ya kuyaongeza mafuta, kwa sababu mafuta yakishaingia chupa huwa nyeupe kama maziwa na hakuna kinachoonekana tena.